Maji Huhesabiwa kwa Saa: Kupanga Maji na Vitafunio vya Matembezi ya Siku Moja Milima ya Ngong

Wakazi wa wadi ya Kabiro, katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, hawako mbali na mlima. Mtu akitoka Kawangware akafuata Barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, kisha akapanda matatu nambari 111, hufika mji wa Ngong bila kupitia katikati ya jiji. Bodaboda kutoka hapo humfikisha kwenye lango la msitu. Ndiyo maana vikundi vya vijana, vyama vya akina mama, makanisa na shule hupenda kupanga matembezi ya Jumamosi huko.

Ukaribu huo una hatari yake. Kwa kuwa nauli si kubwa na mlima unaonekana kutoka mtaani, mtu hujiona kama anayekwenda sokoni. Hubeba chupa moja ya nusu lita akitarajia kununua nyingine mbele ya safari. Juu ya mlima hakuna duka, hakuna kioski wala bomba. Anayeishiwa na maji akiwa kilele cha tatu atalazimika kurudi kwa miguu, au kutegemea maji ya mwenzake ambaye pia alibeba ya kumtosha yeye peke yake.

Makala haya ni somo la kupanga maji na chakula kabla ya kutoka nyumbani. Yanatumia Milima ya Ngong kama mfano, lakini hesabu yake inafaa pia kwa Longonot au mahali popote ambapo mtu atatembea mchana kutwa.

Mahali penyewe pakoje

Kilele cha juu zaidi cha Milima ya Ngong kina urefu wa mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Jiji la Nairobi liko kwenye mita 1,800 hivi. Anayetoka Kabiro hupanda zaidi ya mita 600 siku hiyo hiyo, sehemu akiwa ndani ya gari na sehemu kwa miguu yake. Njia hufuata mgongo wa milima kutoka kilele hadi kilele, ikipanda na kushuka tena na tena, kuelekea Kona Baridi upande wa Barabara ya Magadi.

Sehemu kubwa ya njia hiyo ni nyasi tupu. Kivuli ni kichache na jua humpiga mtembezi moja kwa moja. Lakini kinachowapotosha wengi ni upepo. Kampuni ya KenGen ilijenga mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo mlimani humo, yenye uwezo wa megawati 25.5, kwa sababu upepo wa hapo ni mwingi. Upepo huo huo hukausha jasho kabla mtu hajaliona. Shati linabaki kavu, ngozi inahisi baridi, na mtu anaamini kwamba hajapoteza maji. Kumbe amekuwa akiyapoteza tangu alipoondoka langoni, kupitia jasho na pia kupitia pumzi, kwa kuwa anayepanda mlima huhema haraka.

Hali hii huwa mbaya zaidi kati ya Juni na Agosti, wakati Nairobi ina mawingu na baridi. Kiu haiji, chupa inabaki begini, na kichwa kinaanza kuuma saa sita mchana. Kwa hiyo mtembezi asingoje kiu imkumbushe kunywa.

Chombo kwanza, maji baadaye

Tangu tarehe 5 Juni 2020, vifaa vya plastiki vya kutumia mara moja vimepigwa marufuku katika mbuga za wanyama, fuo za bahari, misitu na maeneo mengine ya hifadhi nchini Kenya. Marufuku hiyo inahusu chupa za maji za kutumia mara moja, vikombe, sahani, vijiko na mirija ya plastiki. Ilifuata ile ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017.

Milima ya Ngong ni hifadhi ya msitu inayosimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu nchini, KFS. Kikundi kinachofika langoni na katoni za maji ya dukani kinaweza kuzuiwa kuingia nazo, na maji ya siku nzima yakabaki nje. Kwa hiyo jambo la kwanza kupanga ni chombo.

Vyombo vinavyofaa ni hivi:

- Chupa ngumu ya maji kama zile za wanafunzi, ya plastiki nzito, aluminiamu au chuma kisichoshika kutu.
- Chupa ya chai inayohifadhi joto, hasa msimu wa baridi.
- Mtungi mdogo mgumu wa lita 3 au 5 unaotumika nyumbani siku zote, ulioshwa kwa maji moto na sabuni, na wenye kifuniko kisichovuja.

Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa, dawa ya kunyunyizia mimea au kemikali yoyote usitumike kamwe, hata ukioshwa mara kumi.

Chakula nacho kifungwe kwa kitambaa safi, kitiwe kwenye bakuli lenye kifuniko au mfuko wa karatasi ya kaki. Gazeti la zamani halifai kufungia chapati au mandazi kwa sababu wino wake hushika kwenye chakula chenye mafuta.

Hesabu ya maji

Swali ambalo watu huuliza ni, "Tutatembea kilomita ngapi?" Swali linalosaidia zaidi ni, "Tutakuwa mlimani saa ngapi?" Mwenye mwendo wa haraka na mwenye mwendo wa pole huenda umbali uleule, lakini yule wa pole hukaa juani muda mrefu zaidi na huhitaji maji zaidi. Kikundi huenda kwa mwendo wa mtu wake wa pole zaidi, na saa zihesabiwe kwa mwendo wake.

Kanuni rahisi kwa mtu mzima ni nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Juu yake inaongezwa nusu lita ya akiba ambayo haiguswi mpaka safari iishe au dharura itokee.

Tuseme mtu anaingia langoni saa mbili asubuhi na anatarajia kutoka saa saba mchana. Hizo ni saa 5. Saa 5 kwa nusu lita ni lita 2.5. Akiongeza akiba ya nusu lita anapata lita 3. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo atabeba kilo 3 za maji mgongoni. Mzigo huo hupungua kila anapokunywa, na asubuhi, wakati mzigo ni mzito, ndiyo saa ambayo miguu ina nguvu.

Siku ya jua kali, hasa Januari na Februari, aongeze lita moja zaidi. Mwenye mwili mkubwa au anayetoka jasho jingi afanye vivyo hivyo.

Watoto huhitaji kiasi kidogo kuliko mtu mzima kila wanapokunywa, lakini huchoka na kupata joto haraka, tena husahau kunywa wakicheza. Mtoto wa shule ya msingi abebe lita moja yake mwenyewe, na mzazi au mwalimu abebe ziada yake. Mzigo wote wa maji usiachiwe mtoto.

Kabla ya kuondoka nyumbani, kila mtu anywe vikombe viwili vya maji au uji mwepesi. Hicho ni kiasi ambacho hakihitaji kubebwa na mkono.

Maji yawe salama

Katika mitaa mingi ya Kawangware na Kibera, maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Mfereji ukikauka, mtu hununua popote anapoyapata. Maji hayo yasiwekwe kwenye chupa ya safari bila kutibiwa. Anayeanza kuhara akiwa mlimani hupoteza maji kwa njia mbili kwa pamoja, na choo kiko mbali.

Njia tatu za kutibu maji zinajulikana kuwa zinafaa.

Ya kwanza ni kuchemsha. Maji yakishaanza kutokota kwa nguvu, yaachwe yatokote angalau dakika moja, kisha yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kazi hii ifanywe jioni ya kuamkia safari, ili asubuhi mtu asijaze maji moto chupani.

Ya pili ni dawa ya klorini inayouzwa kwenye maduka ya dawa na madukani. Kiasi cha kutia kimeandikwa kwenye chupa au pakiti na kifuatwe kama kilivyo. Baada ya kutia dawa, maji yasubiri dakika 30 kabla ya kunywewa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu uchafu hupunguza nguvu ya dawa.

Ya tatu ni jua. Maji maangavu huwekwa kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi ya lita 1 hadi 2, ikalazwa juu ya bati kwenye jua kwa saa 6 mfululizo. Kukiwa na mawingu mengi, huachwa siku 2. Njia hii haihitaji makaa wala gesi. Lakini chupa hiyo ya juani ibaki nyumbani, na maji yahamishwe kwenye chombo kigumu cha safari.

Maji ya vijito au madimbwi ya mlimani yasinywewe. Ng'ombe, kondoo na mbuzi hulishwa huko, na maji yanayoonekana safi huwa yamepita malishoni.

Chakula gani, na kiliwe lini

Mtu mzima wa kilo 70 anayepanda mlima hutumia takriban kilokalori 400 kwa saa. Si lazima azirudishe zote njiani, kwa kuwa mwili una akiba yake na chakula cha jioni kipo. Kinachotakiwa ni kula kidogo kidogo ili nguvu zisiishe ghafla. Anayekula mlo mzito mara moja kileleni hushuka akiwa na usingizi na tumbo lililojaa.

Vyakula vya kufaa vinapatikana kwa mama mboga na kwenye vibanda vya mtaani:

- Njugu karanga za kukaanga. Gramu 100 zina takriban kilokalori 570, hazichukui nafasi na haziharibiki haraka. Zichaguliwe. Njugu iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au ladha chungu itupwe, maana huenda ina sumukuvu.
- Ndizi mbivu. Ni tamu, laini, na zimefungwa kwa ganda lake. Zilizoiva kupita kiasi hupondeka begini.
- Chapati kavu au mandazi yasiyo na mchuzi wala kujazwa kitu.
- Machungwa. Hutoa sukari na maji kwa pamoja, na huliwa hata na mtu asiye na hamu ya chakula.
- Viazi vitamu, nduma na mayai ya kuchemsha. Hivi ni vizuri, lakini viliwe mapema.

Mpangilio wa kula hutokana na usalama wa chakula. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu kwa zaidi ya saa 2. Mayai yaliyochemshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri yaliwe ifikapo saa moja na nusu asubuhi, yaani mjini Ngong kabla ya kuingia langoni. Viazi na nduma viende pamoja nayo. Mlimani zibaki njugu, matunda na chapati kavu.

Sambusa za nyama, wali, githeri yenye mchuzi, maziwa, na mkate uliopakwa mayonezi havifai kubebwa mchana kutwa. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu visihesabiwe kama maji. Pombe iachwe kabisa, kwa sababu humfanya mtu akojoe zaidi na kupunguza uangalifu kwenye miteremko.

Mfano: kikundi cha watu 12

Tuchukue kikundi cha vijana 12 wa Kabiro wanaopanga saa 5 mlimani. Maji yao ni lita 3 mara 12, yaani lita 36. Hiyo ni pungufu ya mitungi miwili ya lita 20. Maji hayohayo yangenunuliwa dukani yangekuwa chupa 72 za nusu lita, ambazo hata hivyo hazitakiwi ndani ya msitu. Hata wakati wa uhaba, mitungi miwili pamoja na dawa ya klorini hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya chupa hizo.

Chakula chao kinaweza kuwa hivi: mayai 12 na viazi vitamu 12 vya kula kabla ya lango, ndizi 24, chapati 24, machungwa 12, na njugu kilo moja na robo. Kila mmoja atapata yai, kiazi, ndizi mbili, chapati mbili, chungwa, na takriban gramu 100 za njugu. Jumla ni karibu kilokalori 1,500 kwa mtu.

Ni vyema kila mtu abebe maji na chakula chake mwenyewe. Kikundi kinachoweka maji yote kwa mtu mmoja au wawili hupata shida wanapotengana, na kwenye mgongo wa Ngong watu hutengana upesi. Pesa za pamoja zinunue, lakini mzigo ugawanywe.

Kunywa njiani na kusoma dalili

Haba na haba hujaza kibaba. Mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20 hufaa kuliko kunywa chupa nzima kwa mara moja. Kiongozi aweke saa ya kusimama na kuhakikisha kila mtu amekunywa, hasa wale wanaosema hawana kiu.

Dalili za upungufu wa maji ni kuumwa na kichwa, mdomo mkavu, kizunguzungu, mkojo mchache wenye rangi nzito, kukakamaa kwa misuli, na hasira zisizo na sababu. Mwenye dalili hizi akae, akingwe jua kwa leso au kofia, anywe polepole na ale kitu chenye chumvi.

Kupita kiasi nako kuna madhara. Anayekunywa maji matupu mengi mno bila kula hupunguza chumvi ya damu. Huhisi tumbo limejaa, kichefuchefu na kichwa kuuma, ilhali mkojo wake ni mwingi na mweupe. Huyu asiongezewe maji matupu. Apumzike, ale njugu zenye chumvi, na aangaliwe.

Aliyeanza kuhara au kutapika hufaa kupewa maji ya chumvi na sukari. Pakiti za ORS hupatikana vituo vya afya na maduka ya dawa. Zikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Mchanganyiko huo uonjwe kwanza, na usizidi chumvi ya machozi.

Mtu anayechanganyikiwa, anayeongea maneno yasiyoeleweka au anayezimia ni mgonjwa wa dharura. Walinzi wa msitu waarifiwe, na simu ipigwe 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa 1199.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Wenye selimundu, ugonjwa unaopatikana zaidi katika familia zenye asili ya magharibi mwa Kenya na Pwani, wanaweza kupata maumivu makali mwili ukipungukiwa na maji au ukipata baridi. Wenye kisukari wanaweza kuishiwa na sukari mwilini wakitembea muda mrefu bila kula. Wenye shinikizo la damu, hasa wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, hupoteza maji zaidi. Wajawazito nao wamo katika kundi hili. Wote wazungumze na mhudumu wa afya kabla ya safari, wabebe dawa zao, na wamwambie angalau mwenzao mmoja hali yao.

Kwa anayeanza, msitu wa Karura au msitu wa Ngong Road, yote ndani ya Nairobi, ni mahali pazuri pa kujizoeza. Kuna kivuli, miinuko si mikali, na matembezi ya saa 2 huhitaji lita moja na nusu tu pamoja na akiba.

Maji yakifika nusu, geuka

Kikundi kinachorudi kwa njia kiliyokuja nayo kifuate sheria moja. Maji ya mtu yeyote kikundini yakifika nusu, wote wageuke, hata kama kilele kilichokusudiwa kinaonekana. Njia ya kurudi huhitaji maji kama ya kwenda, na jua la saa sita ni kali kuliko la saa tatu. Wanaokwenda kutokea Kona Baridi wapange saa zote za njia hiyo na usafiri wa kurudi kupitia Kiserian kabla hawajaondoka nyumbani.

Zoezi la jioni ya kuamkia safari

1. Andika saa mtakazokuwa mlimani kwa mwendo wa aliye wa pole zaidi.
2. Zidisha saa hizo kwa nusu lita, kisha ongeza nusu lita ya akiba. Siku ya jua kali, ongeza lita moja.
3. Chemsha au tia dawa maji, yafunike, na ujaze vyombo vigumu.
4. Tenga chakula cha kuliwa kabla ya lango na cha kuliwa mlimani.
5. Weka begini kofia, koti jepesi la upepo, ORS, dawa zako, na mfuko wa kitambaa wa kurudisha taka. Maganda ya ndizi na ya machungwa nayo yarudi, maana mlima ni malisho ya mifugo ya watu.
6. Ulizia KFS ada ya siku hiyo, jinsi ya kuilipa, na utaratibu wa walinzi wa kusindikiza kikundi.
7. Mwachie mtu nyumbani majina ya mnaokwenda na saa mnayotarajia kurudi.